Historia ya Mwalimu Mikebe, Aliyegawana Dirisha kwa Chaki

Ndugu waombolezaji, majirani wa mtaa huu, walimu mlio kazini na mliostaafu, nanyi mliowahi kukaa kwenye madawati mbele ya marehemu, ambao leo baadhi yenu mna mvi nyingi kuliko zangu, kwa idhini ya familia nasimama mbele yenu, mimi niliye kaka yake mkubwa, nisome historia ya dada yetu, na kabla sijafika mbali niseme kwamba nimeagizwa nisiipambe, kwa kuwa marehemu mwenyewe akiwa kitandani alimwambia binti yake, "Mwambieni kaka asinifanye malaika, watu watacheka msibani," basi nitamsoma kama alivyokuwa, na ukarimu wake, na akili yake, na wivu wake ambao hakuna kati yenu asiyeufahamu.

Marehemu alizaliwa tarehe 14 Machi 1953, katika chumba cha nyuma cha nyumba ya wazazi wetu, ukuta mmoja na karakana ya useremala ya marehemu baba, akiwa mtoto wa pili kati ya watatu, na marehemu mama alikuwa akisimulia kwamba alipozaliwa mdogo wetu wa mwisho, yeye akiwa ameshaachishwa ziwa zamani na anakula chakula cha wakubwa, alisusa sahani na kudai haki yake irudishwe, hata mama kwa kuchoshwa na kilio akawagawia ziwa moja moja, la kushoto lake na la kulia la mchanga, naye akawa anakaa macho akilinda asije mdogo wake akahamishiwa upande usio wake.

Wanazuoni wa kale, waliokuwa wakiyapima maradhi ya moyo kama sonara apimavyo dhahabu, walitenganisha husuda na ghera, wakasema mwenye husuda hutaka neema imtoke mwenzake hata kama yeye haimfikii, ilhali mwenye ghera hutaka naye aruzukiwe mfano wake pasipo mwenzake kupungukiwa, na mimi niliyemjua tangu akiwa na meno ya utotoni nashuhudia kwamba nafsi ya dada yetu ilijenga kibanda chake mpakani, kati ya nchi hizo mbili, na maisha yake yote alikuwa akivuka huku na kurudi kule, mara nyingine kwa siku moja.

Kuhusu elimu, mimi nilipopelekwa shule mwaka 1959 yeye aliachwa nyumbani, jambo ambalo hakulikubali, akawa ananifuata kila asubuhi hadi chini ya dirisha la darasa letu, akisimama hapo nje na kutamka yale tuliyoyatamka, tena kwa sauti ya kutuzidi, mpaka mwalimu wetu akamwendea baba karakana na kumwambia, "Mzee, ama umwandikishe huyu ama umfunge kamba, darasa zima linamsikiliza yeye," naye akaandikishwa Januari 1960, na ni katika darasa la tatu ndipo yalipoanza mambo ya mbegu, pale mwenzake wa dawati alipokuja na haragwe lililochipua kwenye pamba na watoto wote wakamzunguka, ndipo dada yetu akarudi nyumbani amenuna, akachukua haragwe lake, akalifukia kwenye kopo lililojaa vumbi la mbao, likachipua vizuri na kusimama, kisha likageuka njano na kulala, na alipokwenda kumlilia baba, marehemu baba alimwangalia juu ya randa akasema, "Umelilisha vumbi la mbao, mwanangu, ulitaka liwe meza?" na swali lile la mzaha likakaa ndani yake, kwa kuwa tangu siku ile hakuacha kuuliza mmea unataka nini hasa.

Alimaliza shule ya msingi mwaka 1966, akasoma sekondari kuanzia 1967 hadi 1970, akajiunga na chuo cha ualimu mwaka 1971 na kuhitimu Novemba 1972, na tarehe 8 Januari 1973 alianza kazi katika shule ya msingi iliyo nyuma ya stendi ya malori, shule ambayo aliitumikia pasipo kuhama hadi alipostaafu tarehe 14 Machi 2013, akifundisha darasa la nne A, na huko ndiko alikopewa na watoto jina la Mwalimu Mikebe, kwa sababu hakuna mkebe wa maziwa, wa rangi, wala wa mafuta uliopita mikononi mwake ukatupwa.

Wanaomkumbuka darasani wanalikumbuka somo lile, jinsi alivyotoboa matundu ya msumari chini ya mikebe minne, akapanda haragwe katika kila mmoja, akangoja yote yachipue, kisha mkebe wa kwanza akaupa maji, udongo na mwanga, wa pili akaunyima maji, na huo watoto wakauita mkebe wa kiu, wa tatu akaufungia kabatini, na wa nne akaupa pamba badala ya udongo, akiwafundisha kwamba katika majaribio unanyima kitu kimoja tu na vingine vyote unaviacha sawa, "maana ukibadilisha viwili," alikuwa akisema huku ameinua kidole, "hutajua ni kipi kilichosema kweli," na siku ya kufungua kabati watoto walikuwa wakishangilia, kwa sababu mmea wa gizani ulikuwa mrefu kuliko wa dirishani, mrefu na mweupe kama uzi, nao wakidhani ndio mshindi, yeye huwatuliza na kuwaambia, "Huyo hakui, huyo anatafuta."

Marehemu alifunga ndoa tarehe 20 Desemba 1975 na fundi saa aliyekuwa na kibanda chake ubavuni mwa duka la dawa, mtu mpole, mwenye kioo cha kukuzia jichoni na mzaha mdomoni, ambaye kila asubuhi alipomwona mkewe akiitazama mikebe kabla hajamtazama yeye, alilalamika mbele ya wageni kwamba ameoa peke yake lakini ameolewa uke wenza na maharagwe, naye marehemu humjibu, "Wewe ukikaa wiki bila maji nitakuangalia pia," na pamoja na kucheka huko nasema kweli kwamba yeye ndiye aliyekuwa na wivu zaidi katika nyumba ile, kwani mwanamke akileta saa ya mkononi kwa matengenezo mara mbili kwa mwezi, mara ya tatu alimkuta mke wa fundi amekaa kibandani anasuka kikapu, akimwambia kwa adabu, "Karibu shoga, saa yako ina ugonjwa gani usiopona?"

Katika ndoa hiyo walijaliwa watoto wawili, mtoto wa kiume aliyezaliwa tarehe 2 Mei 1977, ambaye ni dereva wa malori, na kitindamimba wa kike aliyezaliwa tarehe 30 Agosti 1981, ambaye ni fundi cherehani na ndiye aliyemuuguza mama yake, na shemeji yetu fundi saa alitangulia mbele ya haki tarehe 3 Juni 2009.

Sasa ndugu zangu, nafika kwenye jambo ambalo historia hii haiwezi kulipita, kwa kuwa nusu ya mtaa mmelisikia kwa upande mmoja na nusu kwa upande mwingine, nalo ni jambo la mwalimu wa darasa la nne B, ambaye yupo hapa, ameketi safu ya mbele pamoja na familia, na ambaye ametupa ruhusa tulisome hadharani.

Mwalimu B, kama watoto walivyomwita, alihamishiwa shuleni pale Januari 1984, akiwa mwanamke mdogo kwa marehemu kwa miaka kadhaa, na tabasamu lililowahi kufika kabla yake, naye pia akifundisha mimea kwa mikebe, na kwa kuwa shule ile ilikuwa na dirisha moja tu pana lenye jua la asubuhi, lile la mwisho wa ukumbi, mikebe ya A na mikebe ya B ikaanza kusukumana hapo, mpaka mwalimu mkuu akaja na chaki akachora mstari katikati ya kizingiti cha dirisha, kushoto A na kulia B, akasema hataki kuwaona tena ofisini mwake kwa ajili ya maharagwe.

Balaa ni kwamba nje ya dirisha lile, upande wa kushoto, lilikuwapo tangi la maji lililotia kivuli, hivyo miche ya marehemu ikawa inainama kulia kutafuta mwanga, kila mmoja umeelekeza kichwa upande wa Mwalimu B kana kwamba unamwamkia, jambo lililomchoma dada yetu kuliko tusi, akawa anafika shuleni kabla ya kengele, peke yake, anaigeuza mikebe yake mmoja baada ya mwingine ili itazame kwao, na jioni miche inakuwa imeshageuka tena, na watoto wa nne A nao, asikudanganye mtu, walikuwa wakipita mlangoni kwa nne B kusikiliza nyimbo za mbegu ambazo Mwalimu B alizitunga, na dada yetu alipowauliza wanafuata nini huko, mmoja akamjibu kwa unyofu wa watoto, "Kule tunaimba, mwalimu, huku tunapima."

Tarehe 17 Oktoba 1986 ilikuwa siku ya wazazi, naye ofisa kutoka idara ya elimu alikuja kuwatazama walimu wale wawili, ili amchague mmoja atakayekuwa anakwenda chuoni kila likizo kuwafundisha walimu wa shule nyingine kazi hii ya majaribio, nafasi ambayo marehemu aliitamani tangu alipoisikia, hata alikwisha kushona gauni, na wageni walipofika dirishani, mkebe wa kiu wa Mwalimu B ulikuwa umenyauka kama ipasavyo, mche umelala na majani yamekunjamana, lakini mkebe wa kiu wa dada yetu, ulionyimwa maji mbele ya macho ya darasa zima, ulikuwa mbichi, majani yamesimama kama masikio ya sungura, na ofisa yule akainama, akaugusa, akasema, "Kwa hiyo hapa watoto wanajifunza kwamba haragwe halihitaji maji?" na wazazi wakacheka, wengine bila ubaya, lakini walicheka.

Wageni walipoondoka marehemu alimfuata mwenzake ukumbini, akamwambia mbele ya walimu, "Umeumwagilia mkebe wangu," naye Mwalimu B akalitazama dirisha, akamtazama yeye, akakaa kimya muda wa kutosha kila mtu kuona kwamba amekaa kimya, kisha akasema, "Kama unaona hivyo, dada, basi sawa," na kimya kile kikahesabiwa kuwa ni kukiri, nafasi ya chuoni akaipata Mwalimu B, na dada yetu hakumsemesha tena, si kwa mwaka wala miwili bali hadi walipostaafu wote wawili na baada ya hapo, wakiwa wamefundisha ukuta kwa ukuta, wakitumana watoto kama mabalozi wa falme mbili, "Mwambie mwalimu wako chaki zimekwisha," na Mwalimu B aliyesimama hatua chache kutoka hapo akijibu, "Nimemsikia, mwambie zipo kabatini," na hata watoto wa kuwazaa wa marehemu walikatazwa kumwamkia Mwalimu B njiani.

Marehemu alianza kusumbuliwa na shinikizo la damu mwaka 2016, na Machi 2021 madaktari wakagundua kwamba figo zake zimechoka, wakampa dawa, wakampangia siku za kusafishwa damu, na wakampimia maji, kikombe kidogo asubuhi, kingine mchana, kingine jioni, na zaidi ya hapo kulowesha midomo tu, naye akalazwa katika chumba cha mbele cha nyumba yake, kitanda kikielekea dirisha ambalo juu ya kizingiti chake ile mikebe minne bado ilikuwepo, kwa kuwa hata baada ya kustaafu aliiweka hapo kwa ajili ya watoto wa majirani, na chini yake ndipo binti yake alipoweka cherehani ili ashone huku akimwangalia mama.

Waliomtembelea siku zile watakumbuka kwamba aliwaonea wivu watu wote waliokunywa maji mbele yake, na kuliko watu aliyaonea wivu maharagwe, akisema, "Huyo anapewa kikombe kizima, na wala hasemi asante," na asubuhi ya tarehe 2 Juni 2021 binti yake, mawazo yakiwa kwenye pindo la nguo ya mteja, aliumiminia mkebe wa kwanza maji mengi kuliko kawaida, na marehemu, kinywa kikiwa kimekauka, akayafuata maji yale kwa macho ya uchu, akayaona yakitokea chini kwenye matundu ya msumari, yakiteremka juu ya kizingiti ambacho kilikuwa kimelala kidogo upande mmoja kama vizingiti vingi vilivyo, yakafika chini ya mkebe wa kiu, yakasimama hapo, kisha yakapungua na kwisha, yamenywewa kwa chini, na binti yake alipoinuka na kitambaa, alimkemea kwa sauti ambayo haikusikika nyumbani mle kwa miezi, "Acha! Usifute!"

Binti anasema ndipo mama yake akamweleza kile ambacho hakuwahi kumweleza mtu, kwamba mwaka ule wa 1986, zile asubuhi alizofika peke yake kuigeuza mikebe, alikuwa akiumwagilia mkebe wa kwanza mara mbili, ili haragwe lake lilizidi la Mwalimu B kwa urefu siku ya wazazi, yeye aliyewafundisha watoto wasibadilishe vitu viwili, na mkebe wa kiu ulisimama karibu yake, upande wa mteremko, "Nilimwagilia mwenyewe," akasema, "wivu wangu ndio uliounywesha," na hapo akamwita mwanawe dereva amlete Mwalimu B, naye kijana, ambaye si kijana tena, akasema, "Mama, ulitukataza hata kumwamkia," na marehemu akajibu, "Nilikataza mimi, nafungua mimi, nenda kabla sijaishiwa pumzi."

Hofu ya nyumba nzima siku ile ilikuwa kwamba Mwalimu B angekataa, na alikuwa na haki ya kukataa, au angechelewa, lakini dereva anasema alipofika mlangoni kwake hakumaliza hata salamu, yule mama alikuwa ameshavaa viatu, akamwambia, "Nilijua ataniita, nilikuwa najiuliza tu ataniita mwenyewe au atawaachia nyinyi mniite kwenye matanga," na alipoingia chumbani marehemu alimwonyesha kizingiti kilicholowa, akamwomba radhi kwa maneno ambayo ni amana yao wawili, na Mwalimu B akaketi ukingoni mwa kitanda, akasema, "Dada, mimi nilijua siku ile ile, nilipolitazama dirisha niliona unyevu umetoka mkebe hadi mkebe, upande wako."

Marehemu akamuuliza kwa nini hakusema, na majibu ya Mwalimu B nayasoma kama alivyonipa mwenyewe, kwamba kwanza aliona akisema pale ukumbini atamwaibisha mwenzake mara ya pili kwa siku moja, na kwamba pili, kama ni ukweli wote, nafasi ile ya chuoni naye aliitaka, na kwamba tatu, "Baadaye nikazoea, dada, maana maisha yangu yote hakuna mtu mwingine aliyewahi kunionea wivu, nyumbani kwetu nilikuwa wa nane, wivu wako ulikuwa ukinifanya nivae vizuri asubuhi," na marehemu akacheka mpaka akakohoa, akasema, "Basi nilikuwa kama wa kabatini, sikukua, nilikuwa natafuta."

Tangu siku hiyo Mwalimu B alikuja kila asubuhi, akaleta mkebe wake mwenyewe, na dada yetu, msidhani alikuwa amebadilika, akaagiza chaki, akataka mstari uchorwe katikati ya kizingiti, akisema bila mstari haitajulikana nani ameshinda, na kwa kuwa ukuta wa jirani unatia kivuli upande mmoja wa dirisha lile, mwenye nyumba akajichukulia upande wenye jua, akampa mgeni wake upande wa kivuli, na walikuwa wakipima kwa rula ya shule na kutuhumiana kwa furaha, hadi tarehe 9 Agosti 2021, saa tatu asubuhi, alipoivuta pumzi ya mwisho mikononi mwa binti yake, akiwa na umri wa miaka sitini na minane, ameacha watoto wawili, wajukuu watano, ndugu wawili, na mahasimu hakuna.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi wa wodi ya figo, waliompimia maji kwa huruma na kuvumilia kulaumiwa kwa kila tone, inawashukuru majirani mliombeba hadi kwenye gari siku za hospitali na mliofunga turubai tulilokaa chini yake, inawashukuru walimu wenzake na wanafunzi wake wa zamani mliosafiri kutoka mbali, na inamshukuru kipekee Mwalimu B, ambaye leo alfajiri, mwili ukiandaliwa, alikuwa chumbani mle na binti yetu, wakakuta kwamba tangu msiba uingie hakuna aliyekumbuka kuigeuza mikebe, na mche wa Mwalimu B, kwa kutafuta jua, ulikuwa umeinama, umevuka mstari wa chaki na kuegemea wa marehemu, na binti yetu aliponyoosha mkono augeuze, kama mama yake alivyokuwa akifanya, Mwalimu B alimshika mkono akamwambia, "Usiuguse, mwanangu, zamani miche yake ndiyo iliyokuwa ikija kwangu, acha na wangu uende."

Dada yangu, Mwalimu wetu, hapo ulipo hakuna tangi wala kivuli cha jirani, pumzika kwa amani.